Dakika Kumi na Nne kutoka Kabwe hadi Kipili

Alhamisi jioni kwaya ilikuwa imefika ubeti wa tatu wa wimbo wa sadaka, na besi walikuwa ndiyo kwanza wameelewa mahali pa kuingilia, pale mwenyekiti Kasimiri aliponyoosha mkono na kusema ana tangazo fupi.

Edith, mwalimu wa kwaya, alishusha mikono. Matangazo mafupi ya Kasimiri alikuwa anayafahamu. Tangazo fupi la Pasaka lilikuwa kwamba sare zimebadilishwa rangi na kitambaa kimeshanunuliwa. Tangazo fupi la mwezi wa nane lilikuwa kwamba kwaya nzima itakwenda mji wa Laela kuimba kwenye arusi ya mtoto wa rafiki yake, kesho yake asubuhi.

"Wapendwa," alisema Kasimiri, "Jumapili hii tumepata neema mbili."

Waimbaji walitazamana. Neema waliyoijua wao ilikuwa moja. Jumapili hiyo walikuwa wanashuka ziwani, Kipili, kuimba Misa ya shukrani ya padre mpya. Padre mwenyewe alikuwa Timoth, mdogo wake Edith wa kuzaliwa naye, aliyepewa upadre wiki chache zilizopita mjini Sumbawanga. Kipili ndiko walikokulia wote wawili. Baba yao alifundisha shule ya msingi ya huko mpaka alipofariki, na mama yao, Kalista, hakutaka kuhama. Timoth hakuomba zawadi wala sherehe kubwa. Alimwambia dada yake maneno machache tu: "Uje na kwaya yako, dada. Nataka watu wa nyumbani wasikie." Edith akamwahidi. Miezi mitatu alikuwa anawafundisha nyimbo za siku hiyo, mpaka majirani wa kanisa lao, mtaa wa Chanji pale mjini, walikuwa wanafua nguo wakiziimba.

"Neema ya pili," aliendelea Kasimiri, "waumini wa Kabwe wametualika. Misa saa moja asubuhi, Jumapili hiyo hiyo. Tunaimba Kabwe, tunavuka, tunaimba Kipili. Zote ziko ziwani."

"Tunavuka wapi?" aliuliza Edith.

"Mwalimu, usiwe na wasiwasi, nimepima." Akatoa simu, akaiweka mbali na macho yake. "Nimeandika hapa, Kabwe mpaka Kipili. Hii hapa. Kutoka uwanja wa ndege mpaka uwanja wa ndege, kilomita arobaini na tano. Dakika kumi na nne."

"Kwa usafiri gani?"

"Kwa ndege. Lakini sisi hatuna haraka ya ndege. Tuseme saa moja. Tuseme hata saa moja na nusu, tuwe waungwana."

Mama Bertha, soprano mkongwe kuliko wote, aliyekuwa hakosi mazoezi na hakosi kuchelewa kuingia, aliinua kichwa. "Kabwe kuna uwanja wa ndege?"

"Simu inasema upo."

"Mzee Kasimiri," alisema Edith, akijitahidi sauti yake ibaki ya kanisani, "barabara ya Kabwe inashuka upande wake, na ya Kipili inashuka upande wake. Ukitaka kutoka moja kwenda nyingine unapanda tena mlima, unarudi karibu na Namanyere, ndipo unashuka upya. Mimi nimekulia kule."

"Ulikulia zamani, mwalimu. Barabara zinachongwa kila mwaka."

"Misa ya Timoth ni saa tano."

"Saa tatu tumemaliza Kabwe. Saa nne na nusu tuko Kipili, tumevaa, tunakunywa soda."

Edith aliwatazama waimbaji, akingoja mmoja wao aseme kitu. Waligeuza kurasa za vitabu vyao. Kasimiri alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi pale Chanji, na kinanda walichokuwa wanapigia alikinunua yeye, na spika alinunua yeye, na mtu akifiwa usiku yeye ndiye anakuja na gari. Hakuwa mtu mbaya, na hiyo ndiyo ilikuwa shida. Mtu mbaya angepingwa.

"Basi tumekubaliana," alisema Kasimiri. "Mwalimu, tuendelee, wimbo ulikuwa unanoga."

*

Jumamosi waliondoka na Kosta ya mzee Muhidin, mfanyabiashara wa usafiri pale mjini. Dereva alikuwa Fahadi, mtoto wa Muhidin, kijana mchangamfu aliyejua kila njia ya Mpanda na Mbeya na hakuwahi hata siku moja kupita Namanyere kwenda ziwani. Hilo walilijua walipofika Namanyere, aliposimamisha gari na kuuliza, "Sasa wazee wangu, ziwa liko upande gani?"

Mashamba ya ulezi yalikuwa yameshavunwa, na uwanda wa Ufipa ulikuwa mkavu, na upepo ulikuwa unapiga vumbi ubavuni mwa gari. Kutoka hapo barabara ilianza kuteremka, na kila kona joto likaongezeka. Walioleta masweta wakayavua. Edith alikaa mbele na kuhesabu kona kwa hasira, kwa sababu kila kona waliyoshuka ilikuwa kona ambayo kesho wangetakiwa kuipanda.

Kabwe walipokelewa na ngoma. Mbele ya watu alisimama mzee mrefu mwenye koti jeusi katika joto lile, na mke wake kando yake akiwa na kilemba kipya. Kasimiri aliruka kutoka kwenye gari kabla halijasimama vizuri, akaenda akapiga magoti mbele ya yule mzee.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama. Nimewaletea."

Mama Bertha akamgusa Edith begani. "Hao ni wakwe zake."

Walikuwa wakwe zake kweli, mzee Zenon na mama Coleta, na Misa iliyokuwa inaitwa ya waumini wa Kabwe ilikuwa ya jubilei yao, miaka hamsini ya ndoa. Mzee Zenon aliwaeleza wageni, kwa Kiswahili na halafu tena kwa Kifipa kwa ajili ya wazee wenzake, kwamba mkwe wake alimwahidi kwaya ya mjini tangu mwaka jana.

"Tangu mwaka jana," Edith alimwambia Kasimiri walipobaki wawili kando ya gari.

"Mwalimu, wazee wamefurahi. Umewaona?"

"Nimewaona. Kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Nilisema Kabwe." Akafuta jasho. "Kesho saa tatu tunaondoka. Mimi mwenyewe nitasimama mlangoni."

*

Saa tatu asubuhi ya Jumapili padre wa Kabwe alikuwa bado hajafika, kwa sababu alikuwa na Misa nyingine kijiji cha jirani. Alipofika, aliomba radhi na kuhubiri juu ya uvumilivu. Kisha mzee Zenon na mama Coleta walirudia ahadi zao za ndoa, na mama Coleta akalia, na binti zao wakalia, na mke wa Kasimiri, aliyekuwa ametangulia siku mbili kabla, akalia kuliko wote. Kwaya iliimba vizuri kupita siku zote. Edith aliisikia, akachukia kwamba inaimba vizuri hapa.

Baada ya baraka alikusanya vitabu. "Twendeni garini. Tunabadilisha sare njiani."

Mlangoni pa kanisa alisimama mama Coleta, akamshika mikono yote miwili. Alikuwa mdogo wa kimo, na mikono yake ilikuwa na nguvu ya mtu aliyepukuchua mahindi maisha yake yote. "Mwanangu, hamwezi kuondoka na njaa. Samaki wetu wa migebuka wameshatoka motoni."

"Mama, tunashukuru sana, lakini tuna Misa nyingine, ya mdogo wangu, Kipili..."

"Kula kidogo tu."

Edith aligeuka kumtafuta Kasimiri. Kasimiri alikuwa ameshakaa, leso shingoni, sahani mbele yake, mkono wa baba mkwe begani mwake.

Simu ya Edith ikaita. Alikuwa mama yake.

"Edith, watu wamejaa mpaka nje. Turubai limekuwa dogo. Mko wapi?"

"Tunakuja, mama."

"Mmefika wapi?"

Edith aliyatazama masufuria ya wali na samaki, na wajukuu wa Zenon wanaoleta maji ya kunawa. "Tuko ziwani," alisema, na haukuwa uongo.

Walipofika kwenye gari ilikuwa saa tano, saa ile ile ambayo kwaya ilitakiwa kuwa inaingia kwa maandamano Kipili. Fahadi alikuwa anazungumza na vijana wa pale, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Washikaji wanasema kwenda Kipili ni kupanda kwanza mpaka juu tulikotoka jana, halafu kushuka upya. Mwendo wa saa tatu na nusu. Ukibahatika."

"Haiwezekani," alisema Kasimiri. "Ni kilomita arobaini na tano." Akaitoa simu, akamwonyesha mzee Zenon aliyekuwa amekuja kuwaaga. "Baba, uwanja wa ndege wa hapa uko upande gani?"

"Uwanja wa ndege?" Mzee Zenon alifikiri. Hakutaka kumwaibisha mkwe wake mbele ya watu. "Uwanja tulionao ni ule wa mpira."

"Goli moja limeanguka," aliongeza kijana mmoja.

Watu wakacheka. Kasimiri alicheka nao kidogo, akarudisha simu mfukoni. Edith hakucheka. Alikuwa anajiuliza kama mtu anaweza kumpigia mwenyekiti wa kwaya kelele Jumapili mbele ya wakwe zake, akaona hawezi.

"Kuna boti," alisema mzee Zenon. "Kwa maji ni karibu. Kabula anaondoka sasa hivi."

Walikwenda ufukweni mbio, wameshika sare mikononi. Kabula alikuwa mwanamke mnene, mwenye boti, amekaa juu ya magunia ya dagaa akila muwa. Edith alimuuliza Kipili ni muda gani.

"Saa mbili tu, mama."

Edith alifanya hesabu. Saa saba, tuseme na nusu. Akampigia Timoth, akamwomba wachelewe.

"Nitajaribu, dada," alisema Timoth. "Paroko ameshavaa."

Hapo mama Bertha alisimama mchangani na kukataa. Alizaliwa Ufipa juu, alisema, na maji mengi aliyowahi kuona ni ya kisima. Hatapanda chombo kinachotikisika hata Papa mwenyewe awe ndani. Hakuna aliyekuwa na muda wa kumbembeleza. Kinanda na spika havikutakiwa kulowa, kwa hiyo iliamuliwa Fahadi azunguke navyo kwa barabara, na mama Bertha azunguke na Fahadi.

"Mtatukuta tumeshakula," Kasimiri aliwaambia.

*

Kabula hakudanganya. Boti lingeweza kufika Kipili kwa saa mbili kama lingekuwa linakwenda Kipili. Lakini lilikuwa linakwenda kila mahali. Kijiji cha kwanza walishusha bati na kupakia kuku. Cha pili walishusha mama mwenye mtoto, halafu wakamngoja mtu aliyekuwa anaonekana kwa mbali juu kilimani akipunga mkono, na alipofika ikawa alikuwa anawasalimia tu. Cha tatu Kabula alishuka mwenyewe, akaingia nyumbani kwa mtu, na sauti yake ikasikika akigombana juu ya bei ya mafuta.

"Dada yangu," Edith alimwambia aliporudi, "ulisema saa mbili."

"Saa mbili za kutembea. Za kusimama sijakuhesabia."

Mawimbi hayakuwa makubwa, lakini kwa watu wa Chanji yalikuwa yanatosha. Waimbaji wawili walitapika. Maji yaliruka pembeni na kulowesha sare nyeupe, na magunia ya dagaa yakazitia harufu. Kasimiri alikuwa amekaa mbele kabisa, ameshika ubao kwa mikono yote, uso umekuwa kama majivu. Kila baada ya muda aliangalia simu yake.

"Kwa hapa tulipo," alisema, "zimebaki kama kilomita ishirini."



Simu ya Edith ilikuwa inapata mtandao na kuupoteza. Iliposhika kidogo, ujumbe wa mama yake uliingia: Paroko ameanza. Edith aliusoma mara mbili, akaiweka simu kwenye mkoba, akafunga zipu.

Muda mfupi baadaye walisikia mngurumo. Ndege ndogo, ya wale wanaoleta watalii, ilipita juu yao ikielekea kusini, chini kiasi cha kuona magurudumu yake. Kwaya nzima iliinua vichwa.

Kasimiri aliinuka nusu, akanyoosha kidole. Kichefuchefu kilimtoka kabisa usoni. "Mnaona? Mnaona sasa? Hiyo muda huu inashuka Kipili!"

Edith alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mwalimu wa sekondari, mtu wa Komunyo kila Jumapili. Aliutazama mgongo wa mwenyekiti wake, akaona jinsi alivyosimama vibaya, na jinsi ambavyo kusukuma kidogo tu kungetosha.

"Kaa chini, mzee," alisema. "Kaa chini, tafadhali. Utaanguka."

Akakaa.

*

Walifika Kipili jua limeshalala upande wa Kongo. Watoto waliokuwa wanaogelea waliwaona na sare zao, wakakimbia mbele wakipiga kelele, "Kwaya! Kwaya imefika!" Lakini njiani kuelekea kanisani Edith alikutana na watu wanaorudi nyumbani na viti vyao kichwani, na akajua.

Chini ya turubai wanawake walikuwa wanasugua masufuria. Kosta ya Muhidin ilikuwa imeegeshwa kando ya kanisa. Na katikati, kwenye kiti chenye kitambaa, soda mkononi na sahani mbili mbele yake, alikuwa amekaa mama Bertha, amezungukwa na wazee wanaompongeza.

Mama Kalista alikuja akamkumbatia binti yake, akarudi nyuma akiziba pua. "Mbona mnanuka dagaa?"

"Misa imekwisha?"

"Imekwisha zamani. Lakini kwaya yako imeimba."

"Kwaya gani, mama?"

Kalista aliwaeleza, huku machozi ya kucheka yanamtoka. Fahadi aliendesha kama aliyeiba gari. Walifika wakati wa Komunyo, watu wamenyamaza kimya, hakuna hata wimbo mmoja, kwa sababu wanakwaya wa Kipili waliambiwa wasijiandae, kuna wageni kutoka mjini. Mama Bertha aliingia na vumbi lake usoni, akaenda moja kwa moja mbele, akaanza kuimba peke yake. Fahadi, ambaye ni Mwislamu na hakuwahi kuingia kanisani, alibeba kinanda akakichomeka kwenye umeme ili kumsaidia, akabonyeza kitufe, na kinanda kikaanza kupiga rumba chenyewe. Hakujua kukizima. Mama Bertha hakusimama. Aliimba wimbo wote wa Komunyo juu ya rumba, beti zote sita, na mwisho watu walikuwa wanapiga makofi, na paroko naye alikuwa anatingisha kichwa.

"Na hakuchelewa kuingia?" aliuliza Edith.

"Angechelewa nyuma ya nani?"

Waimbaji wote walicheka, wamelowa, wamechoka, wanashikana mabega. Edith alijaribu kucheka nao, akashindwa. Miezi mitatu. Alizunguka nyuma ya kanisa, akasimama peke yake akiutazama ukuta.

Timoth alimkuta hapo. Alikuwa ameshavua mavazi ya Misa, amebaki na shati jeusi, na bado alionekana kama yule mtoto aliyekuwa anamsumbua jikoni.

"Dada."

"Usinipe baraka sasa hivi, Timoth. Nina hasira."

"Na mimi nilikuwa nayo." Alisimama karibu naye. "Nilimchelewesha paroko mpaka akaniuliza kama namsubiri dada yangu au namsubiri Bwana. Basi tukaanza. Wakati wa wimbo wa Utukufu nilitazama mlangoni, sikuona mtu. Nikauanza mwenyewe."

Edith aligeuka. "Wewe? Umeimba?"

"Nimeimba."

"Mbele za watu?"

"Watu mia nne."

Edith ndiye aliyemfundisha kuimba, au aliyejaribu, na alijua kuliko mtu yeyote duniani kwamba Timoth hakujaliwa sikio. "Ulianzia wapi?"

"Juu sana. Sikufika mwisho. Mama alinipokea." Akaegemea ukuta. "Niliumia, dada. Sitakuficha. Nilitaka uwepo wewe. Kwaya ilikuwa kisingizio tu cha kukufanya uje mapema."

"Ningekuja peke yangu tangu Ijumaa," alisema Edith. "Ningewaacha waende kwao Kabwe."

"Ndiyo. Ungefanya hivyo." Halafu akamshika mkono. "Kesho nina Misa ya asubuhi. Saa kumi na mbili na nusu. Ya kawaida tu. Mje mwimbe."

"Kesho nina vipindi, Timoth. Kidato cha nne wana mtihani."

"Mpigie mkuu wa shule."

Alimpigia. Mkuu wa shule hakufurahi. Edith alimsikiliza mpaka mwisho bila kujitetea, kwa sababu maneno aliyokuwa anaambiwa, juu ya watu wasiojua kupanga muda, yalikuwa ndiyo yale yale aliyokuwa nayo kifuani tangu Alhamisi.

*

Jumatatu asubuhi kanisani kulikuwa na vikongwe watatu, watoto wanne waliovaa sare za shule, mwanamume mmoja mwenye mguu uliofungwa bandeji, na mama Kalista. Kwaya ilikuwa na watu ishirini na mmoja. Sare zilikuwa zimefuliwa jioni na hazikukauka vizuri.

Waliimba zote. Wimbo wa kuingilia, Utukufu, sadaka, Mtakatifu, Komunyo, shukrani. Nyimbo zilizotengenezwa kwa ajili ya maandamano na vigelegele waliziimba mbele ya vikongwe watatu, na Edith aliongoza kwa mikono yote, bila kupunguza kitu. Besi waliingia mahali pao. Mama Bertha alichelewa kuingia kwenye ubeti wa pili wa wimbo wa sadaka, kama kawaida yake. Timoth alisimama altareni, na kila walipoimba alifumba macho, hakufungua kinywa hata mara moja.

Kikongwe mmoja alimshika Edith mkono mlangoni akamuuliza kwa Kifipa leo ni sikukuu gani. Edith alimwambia ni sikukuu ya mdogo wake.

Walikuwa wanapakia kinanda kwenye Kosta pale Kasimiri alipokuja. Tangu jana jioni alikuwa anamkwepa. Alikwenda akala upande mwingine wa turubai, akalala kwenye gari, na kwenye Misa alisimama nyuma ya mtu mrefu. Sasa alisimama mbele ya Edith na kofia mkononi.

"Mwalimu, nimekwenda kwa Padre Timoth asubuhi. Nimemwomba radhi."

"Akasemaje?"

"Amenipa sala za malipizi."

"Vizuri."

Kasimiri aliigeuza kofia. "Baba mkwe ana miaka themanini na tatu. Nilimwoa binti yake bila kumpa sherehe yoyote, sikuwa na kitu. Aliponiomba kwaya sikuweza kumwambia hapana."

"Kwa nini hukuniambia hivyo Alhamisi? Ungesimama ukasema, wakwe zangu wana jubilei, siku imegongana, tufanyeje. Watu wangegawana. Nusu Kabwe, nusu Kipili."

"Ungekataa."

Edith alifikiri. Alikuwa amechoka, na hakutaka tena kusema jambo lisilo kweli kwa ajili ya amani.

"Ndiyo," alisema. "Ningekataa."

"Basi ndiyo hiyo, mwalimu."

"Hapana, siyo ndiyo hiyo. Ningekataa, na ungenibembeleza, na tungegombana, na tungepata njia. Kazi ya mwenyekiti ni hiyo, mzee. Kugombana na mimi mapema."

Kasimiri aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayeambiwa bei na kuona ni halali. Halafu Fahadi akapiga honi, na mama Kalista akaja na ndoo ya samaki wakavu wa kupeleka mjini, na wote wawili wakaishika, mmoja upande huu na mwingine ule, kuiingiza garini.